Biashara ya maji: chumvi yaweza kumeza mtaji wa mwenye kisima

Bei ya ndoo ya maji haitangazwi pamoja na bei za mchele, sukari na saruji, lakini kwa mkazi wa Mbagala, Chamazi, Goba au Bunju ndiyo bei anayokutana nayo kila siku ya Mungu. Hupanda umeme unapokatika, hupanda mvua za vuli zinapochelewa, na hushuka siku mabomba ya DAWASA yanapotoa maji. Kwa sifa hizo maji ni bidhaa kamili ya sokoni, na ndiyo maana wenye viwanja wengi pembezoni mwa Dar es Salaam wameona kisima kuwa mahali pazuri pa kuweka akiba zao, iwe ni kiinua mgongo, fedha za upatu au faida ya duka.

Hesabu ya juu juu inavutia. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20. Ndoo ikiuzwa Sh. 50 kisimani, mita hiyo moja inaleta Sh. 2,500. Mwenye mkokoteni akiifikisha ndoo ileile mlangoni kwa mteja kwa Sh. 200, mita hiyohiyo imegeuka Sh. 10,000. Mtu aliyeunganishiwa bomba analipia mita hiyo kwa bei iliyopangwa na EWURA, ambayo ni ndogo sana kuliko hiyo ya mkokoteni. Yaani mwenye kipato cha chini, anayenunua kwa ndoo, ndiye anayelipa zaidi kwa kila lita. Jambo hilo limekuwa likisemwa tangu miaka ya 1990 na halijabadilika sana mitaani.

Kinachosahaulika katika hesabu hiyo ni kwamba mwenye kisima hauzi maji yake. Anauza maji yaliyo chini ya mtaa mzima, na ubora wake unategemea majirani, bahari na mvua kuliko unavyotegemea pampu yake.

MTO MMOJA

Kwanza ni vizuri kujua mshindani mkubwa anapata wapi mali yake. Karibu maji yote ya bomba ya Dar es Salaam hutoka mto Ruvu, ambao chanzo chake ni milima ya Uluguru mkoani Morogoro. Mtambo wa Ruvu Juu ulioko Mlandizi ulijengwa mwaka 1959, na ule wa Ruvu Chini upande wa Bagamoyo ulifuata katikati ya miaka ya 1970. Upo pia mtambo mkongwe wa Mtoni, Temeke, unaotumia maji ya mto Kizinga, lakini huo haufikii hata lita milioni 10 kwa siku na kwa jiji la sasa ni tone.

Mitambo ya Ruvu ilipanuliwa katika muongo uliopita. Ruvu Chini ilitoka lita milioni 180 hadi milioni 270 kwa siku kwa msaada wa Marekani kupitia mfuko wa MCC, na Ruvu Juu ilitoka lita milioni 82 hadi milioni 196 kwa mkopo kutoka India. Jumla ni lita milioni 466 kwa siku.

Kazi inayofanyika humo si ya siri. Maji ya mto huja na tope. Hutiwa shabu au dawa nyingine ya kugandisha, tope hujikusanya na kuwa mabonge, mabonge hutuama, kisha maji hupitishwa kwenye chujio la mchanga na mwishoni hutiwa klorini. Kadiri tope linavyozidi ndivyo dawa inavyotumika zaidi na gharama kupanda. Mkulima anayelima ubavuni mwa mlima Uluguru bila makinga maji anaongeza bili ya dawa Mlandizi, ingawa hawajuani na mhasibu wa mtambo. Kuanzia mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yalijaribu kuliunganisha hilo kibiashara: wakulima wa eneo la Kibungo, Uluguru, walipwe kwa kutengeneza matuta na kupanda miti, na wanunuzi wakubwa wa maji ya Ruvu wachangie malipo. DAWASCO na kampuni ya Coca-Cola Kwanza zilikubali kuingia katika mpango huo. Kwa mfanyabiashara hilo linaeleweka kirahisi: ni sawa na kiwanda kumlipa mkulima wa pamba ili amletee pamba safi.

Tatizo la mto mmoja ni kwamba ukikauka hakuna wa pili. Mwaka 1997 ukame ulilibana jiji kiasi kwamba visima vya dharura vilichimbwa, vingine kwa msaada wa Japani kupitia JICA. Mwaka huohuo shirika la WaterAid lilianza kazi Temeke, likichimba visima vilivyoendeshwa na kamati za wananchi wenyewe. Oktoba 2022 hali ilijirudia. Kina cha Ruvu kilishuka, uzalishaji ukaporomoka hadi karibu lita milioni 300 kwa siku, na jiji likaingia kwenye mgawo. Wenye visima waliuza hadi usiku.

Na hapo ndipo hatari inapoanzia. Ukame unaomletea mwenye kisima wateja wengi ndio huohuo unaompunguzia akiba ya maji chini ya ardhi. Anapompu zaidi wakati ambapo hakuna kinachoingia.

CHUMVI

Chini ya Dar es Salaam mchanga umelala kwa matabaka. Lipo tabaka la juu, lililo wazi, linalopokea mvua moja kwa moja. Chini yake kuna udongo wa mfinyanzi unaopitisha maji kwa shida, na chini ya mfinyanzi kuna tabaka la pili la mchanga wenye maji. Visima vya kuchimba kwa mkono huishia tabaka la juu. Visima virefu vya mashine hulenga la chini.

Maji ya mvua yaliyozama ardhini ni mepesi kuliko maji ya bahari, kwa hiyo huelea juu yake. Kanuni inayotumika kukadiria mpaka huo ina zaidi ya miaka 100: kwa kila mita moja ambayo maji baridi yamesimama juu ya usawa wa bahari, kuna mita 40 hivi za maji baridi chini ya usawa huo kabla ya kukutana na chumvi. Katika sehemu za pwani kanuni hii humlinda mwenye kisima mradi asiwe na pupa. Ila isomwe pia kinyumenyume. Pampu ikiteremsha maji kwa mita moja tu, mpaka wa chumvi unaweza kupanda mita 40.

Haupandi siku hiyohiyo. Chumvi hupanda polepole chini ya kisima, kwa umbo la kichuguu, na mwenye kisima haoni chochote. Maji ni matamu mwaka wa kwanza, matamu mwaka wa pili, kisha mwishoni mwa kiangazi fulani chai inaanza kuwa na ladha ya ajabu. Na kiasi kinachotosha kuharibu ni kidogo. Lita ya maji ya bahari ina kloraidi karibu miligramu 19,000, wakati ulimi wa binadamu huanza kuigundua kwenye miligramu 250 hivi. Ndoo moja ya maji ya bahari ikiingia katika ndoo 75 za maji ya kisima, ndoo zote zimeharibika.

Hapa ifanywe hesabu ya mfano. Tuseme mtu ametumia Sh. milioni 20 kwa kuchimba, pampu, mnara na matangi. Anauza ndoo 600 kwa siku kwa Sh. 50, anapata Sh. 30,000. Umeme, kijana wa kuuza, dawa na akiba ya kununua pampu nyingine vinakula Sh. 12,000. Zinabaki Sh. 18,000 kwa siku, na mtaji unarudi baada ya siku 1,111, yaani miaka mitatu na kidogo. Biashara nzuri. Sasa tuseme chumvi inaingia mwisho wa mwaka wa pili. Wateja hawakimbii wote. Wanaendelea kununua kwa kufulia na kudekia, lakini kwa Sh. 20. Ndoo 600 zinaleta Sh. 12,000, ambazo ndizo gharama zenyewe. Kisima kinafanya kazi kila siku, foleni ipo, na faida ni sifuri. Karibu Sh. milioni 7 za mtaji hazitarudi.

Mtambo wa kuondoa chumvi upo, na baadhi ya hoteli za pwani huutumia. Unasukuma maji kwa nguvu kubwa kupitia utando mwembamba, unakula umeme, na unaacha maji mengine yenye chumvi kali zaidi ambayo lazima yatupwe mahali. Bei ya ndoo ya mtaani haiwezi kuubeba.

Dawa iliyo nafuu ni kutokufika huko. Mchimbaji anapomaliza kazi apampu kisima mfululizo, ikiwezekana kwa saa 24, huku kina cha maji na kiwango cha chumvi vikiandikwa. Jaribio hilo ndilo linaloonyesha kisima kinavumilia lita ngapi kwa saa, na pampu inunuliwe kufuatana na jibu, si kufuatana na mfuko wa mnunuzi. Wapo wanaonunua pampu kwanza. Baada ya hapo, kipimo kidogo cha mkononi cha kupima chumvi kinatosha, na kitumike hasa Septemba na Oktoba kabla ya vuli, maana kipimo cha Mei baada ya masika humfurahisha kila mtu. Namba zikianza kupanda mwaka hadi mwaka, inabidi kupunguza saa za kupampu au kugawa uchotaji kwa visima viwili vilivyo mbalimbali. Kuongeza kina mara nyingi ni kuifuata chumvi iliko.

CHOO CHA JIRANI

Chumvi huua mtaji, ila uchafu wa vyoo huua wateja. Wakazi wapatao asilimia 70 wa jiji wanaishi katika maeneo yasiyopimwa, na nyumba zilizounganishwa na mabomba ya maji taka ni chache sana. Waliobaki wanatumia vyoo vya shimo na makaro, na mashimo hayo yako ndani ya tabaka lilelile la juu ambamo visima vifupi vinachotwa. Mtaa wenye viwanja vya hatua 15 kwa 20 hauna nafasi ya kutenganisha choo na kisima kwa mita 30 zinazoshauriwa. Kila umbali unaopatikana upande mmoja unapotea upande wa jirani.

Uchafu huo una sehemu mbili na kila moja ina tabia yake. Ya kwanza ni vijidudu, vikiwamo vya kipindupindu. Agosti 2015 mlipuko ulianzia Dar es Salaam, Kinondoni ikiwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika mapema, ukasambaa nchini na hadi mwisho wa mwaka 2016 wagonjwa walikuwa wamezidi 20,000. Vijidudu hufa kwa kuchemshwa na hufa kwa klorini.

Klorini ni gharama ndogo kuliko zote katika biashara hii na ndiyo inayorukwa zaidi. Kwa tangi la lita 5,000 lenye maji meupe, dozi ya miligramu 2 kwa lita inahitaji gramu 10 za klorini. Unga unaouzwa madukani wenye nguvu ya asilimia 65 utatakiwa kama gramu 15. Ukorogwe kwanza kwenye ndoo, umiminwe tangini maji yakiwa yanaingia ili yachanganyike, kisha yasubiri nusu saa kabla ya kuuzwa. Shirika la Afya Duniani linataka baada ya nusu saa hiyo ibaki klorini ya miligramu 0.5 kwa lita, na isipungue 0.2 maji yanapomfikia mtumiaji. Sehemu hiyo iliyobaki ndiyo inayomlinda mteja anapoyabeba kwenye dumu lililooshwa juzi. Unga ulioachwa wazi kwenye unyevu hupoteza nguvu, kwa hiyo kopo la mwaka jana lisihesabiwe kuwa na asilimia 65. Maji yenye tope yachujwe kwanza, kwani tope hula klorini kabla haijafika kwa vijidudu.

Sehemu ya pili ya uchafu ni naitreti, inayotokana na mkojo na kinyesi vinapooza ardhini. Hiyo haina rangi, ladha wala harufu. Klorini haiigusi, na kuchemsha huizidisha kwa sababu maji hupungua yenyewe ikabaki. Kiwango cha juu kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita, na wanaodhurika haraka ni watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya kopo. Hakuna njia ya mtaani ya kuiondoa. Inapimwa maabara tu, na jibu likiwa baya tabaka la juu liachwe. Kisima kirefu hakisaidii iwapo fundi hakuziba kwa saruji nafasi kati ya bomba na ukuta wa shimo, maana uchafu wa juu utateremka pembeni mwa bomba hadi kwenye maji safi. Mnunuzi wa kisima kilichokwisha kuchimbwa aulize swali hilo kabla ya kuuliza bei.

KIBALI, NA BOMBA LA DAWASA

Kisheria, hati ya kiwanja si hati ya maji yaliyo chini yake. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 inayaweka maji yote kuwa mali ya umma, na anayechimba kisima cha mashine kwa biashara anahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu yenye makao Morogoro. Kisima kifupi cha kuchimba kwa mkono kwa matumizi ya nyumbani hakibanwi hivyo. Wenye visima wengi huona kibali kuwa ushuru mwingine tu. Lakini kibali ndicho karatasi pekee inayompa mtu hoja pale jirani anapochimba kisima cha pili mita 20 kutoka chake. Asiye nacho na jirani yake wote wako sawa mbele ya bodi, yaani hawana haki yoyote.

Hatari ya mwisho ni bomba. Mtaa ukiunganishwa, bei ya kisima haiwezi kushindana. Lakini historia inaonyesha kuwa bomba na maji ya bomba ni vitu viwili. Mwaka 2003 kazi ya kuuza maji ya jiji ilikabidhiwa kwa City Water, kampuni iliyokuwa na wanahisa kutoka Uingereza na Ujerumani wakishirikiana na kampuni ya hapa nchini, kwa mkataba wa miaka 10. Haikumaliza hata miwili. Serikali iliuvunja mkataba mwezi Mei 2005 ikisema malengo hayakufikiwa, na DAWASCO ikashika kazi hadi ilipounganishwa na DAWASA mwaka 2018. Kesi iliyofunguliwa na Biwater Gauff iliamuliwa Julai 2008: wasuluhishi walisema Tanzania ilikiuka mkataba wa kulinda uwekezaji, ila hawakutoa fidia hata senti, kwa kuwa kampuni ilikwisha kupoteza thamani kwa makosa yake. Moja ya sababu za kuanguka kwake ni ileile inayomsumbua kila mwendeshaji wa mtandao huu: maji yanayovuja au kuibwa na vishoka kabla ya kufika kwenye mita, ambayo yamewahi kufikia karibu nusu ya yote yanayozalishwa.

Mambo mawili yatabadilisha soko hili. La kwanza ni visima virefu vya Kimbiji na Mpera, upande wa Kigamboni ambao zamani ulikuwa sehemu ya Temeke. Huko maji yamekutwa kwenye tabaka la kina cha mamia ya mita, mbali na vyoo, na visima vya Kisarawe II viliingizwa kwenye mtandao wakati wa ukame wa 2022. La pili ni bwawa la Kidunda mkoani Morogoro, linalozungumzwa tangu miaka mingi, ambalo mkataba wa ujenzi ulisainiwa mwaka 2022. Limekusudiwa kuhifadhi lita bilioni 190 ili Ruvu usikauke kiangazi.

Wenye visima vya Mbagala na Chamazi waangalie zaidi Kimbiji, kwa sababu maji hayo yako upande wao wa jiji. Kidunda inawahusu zaidi wa Kimara, Goba na Bunju wanaolishwa na Ruvu. Hata hivyo nyumba za vilimani kama Goba hupata maji kwa msukumo hafifu na kwa zamu, na huko mwenye matangi makubwa ataendelea kuwa na wateja hata bomba likipita mlangoni kwake. Atakuwa anayanunua maji ya DAWASA usiku yanapotoka na kuyauza mchana. Biashara hiyo ina faida ndogo kwa kila ndoo, lakini haina pampu ya kisimani, na mtaji wake hauliwi na bahari.